Kuona si Kutambua: Changamoto ya Uainishaji katika Magari Yanayojiendesha

Gari linalojiendesha hutumia kamera, rada na miale ya leza kuiona barabara. Hata hivyo, kuona si kutambua. Kompyuta ya gari sharti ikiainishe kila kitu inachokiona, kwani aina ya kitu ndiyo huashiria mwendo wake: mti hausogei, gari hufuata njia yake, mtu huweza kuvuka.

Ugumu wa kazi hii ulidhihirika usiku wa Machi 18, 2018, mjini Tempe, Arizona, Marekani. Gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Uchunguzi wa serikali uliokamilika mwaka 2019 ulibainisha kwamba mfumo ulimgundua sekunde 5.6 kabla ya ajali. Ulimwainisha kuwa gari, kisha kitu kisichojulikana, hatimaye baiskeli. Kila uainishaji ulipobadilika, kumbukumbu ya mwendo wake iliachwa, hivyo mfumo ukashindwa kukadiria anakoelekea. Aidha, haukuundwa kumtarajia mtembea kwa miguu nje ya kivuko. Naye msimamizi aliyeketi penye usukani hakuwa akiitazama barabara.

Mwanafunzi wa sarufi anaielewa hali hii. Nomino ikitiwa katika ngeli isiyo yake, upatanisho wa sentensi nzima huvurugika. Lakini sentensi huweza kufutwa na kuandikwa upya, uhai hauwezi. Kwa hivyo, mhandisi hana budi kuunda mfumo unaofunga breki mbele ya kizuizi hata kabla ya kukipa jina.