Mutoto mwenye kilema anakaribia miaka 18: tengeneza karatasi mapema



Siku mutoto anatimiza miaka 18, kilema chake hakiishi. Lakini sheria ya kulinda watoto ya mwaka 2009 inasema: mutoto ni yule asiyetimiza miaka 18. Tangu siku ile ofisi inamuona kama mutu muzima na inaweza kufikiri kwamba anajitafutia.

Wazazi wengi wanasema: «Ofisi inamujua.» Karani wa leo anamujua. Karani wa kesho atajua karatasi tu.

Mufahamu jambo moja. Pansio ya kilema ya CNSS (ile tuliyoita zamani INSS) ni ya mufanyakazi aliyelipiwa michango. Kijana asiyefanya kazi hata siku moja haipati kwa jina lake. Yeye anapitia haki za muzazi: matunzo ya hospitali, feza ya watoto, na haki ya yatima kama muzazi anakufa. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda watu wenye kilema, lakini haki inafuatwa kwa ushahidi. Basi mufanye hivi:

1. Akifika miaka 17, mumupeleke kwa munganga. Muombe karatasi inayosema kilema ni gani, kilianza mwaka gani, na kazi gani kijana hawezi. Kuandika «kifafa» peke yake haitoshi. Anaanguka mara ngapi? Anaweza kujiosha, kula, kutembea, kubaki peke yake?

Mama, sema ukweli wa nyumbani. Siku ya kupimwa kijana anaweza kuwa muzuri, na munganga ataandika anachoona. Kwa hiyo, mbele ya kwenda, andika katika kaye kila kitu kinachotokea kwa wiki mbili, usiku na muchana.

2. Mukusanye karatasi ya kuzaliwa na karatasi zote za zamani za hospitali. Hizo zinaonyesha kwamba kilema kilianza angali mutoto. Muangalie majina: herufi moja ikigeuka, faili inalala.

3. Baba, uende ofisi ya wafanyakazi mbele ya siku ya kuzaliwa. Uulize haki gani zinaendelea, na kwa muda gani. Acha fotokopi, ubaki na karatasi yenyewe. Omba muhuri na tarehe juu ya fotokopi yako.

4. Dawa zisikatike. Kijana akitoka kwa munganga wa watoto kwenda kwa munganga wa watu wazima, abebe kaye yake na dawa za kutosha. Kuacha dawa za kifafa gafula kunaweza kuleta mishituko isiyokoma, na mishituko ile inaweza kuua.

5. Mutu wa miaka 18 anatia mukono yeye mwenyewe. Kilema cha miguu si kilema cha akili: mumupe kalamu, mumuulize anataka nini. Lakini kama akili yake haifahamu mambo, muzazi asitie mukono kwa jina lake bila kuuliza. Ni tribunali inayoweka mutu wa kumusimamia.

Kama kijana amepita miaka 18 tayari, musikate tamaa. Mulete karatasi zilizobaki. Munganga ataangalia faili ya zamani.

Wazazi, tusiache ugonjwa wetu au kifo chetu kimukute kijana bila karatasi. Mwaka mmoja mbele ni wakati wa kuanza.