SOMO LA AFYA: MKONO WA MPIGA NGOMA NAO HUCHOKA

Hapa kambini harusi, misiba na sikukuu haviendi bila muziki. Tunao wapiga ngoma kutoka Burundi, wapiga gitaa na kinanda kutoka Kongo, na kwaya za madhehebu mbalimbali. Lakini wapo wanaopiga huku wakiumwa mabega, viwiko, vifundo vya mikono au kiuno. Hawasemi, kwa kuwa wanaogopa kuambiwa waache na nafasi yao apewe mwingine. Somo la leo ni kwa ajili yao na kwa viongozi wa vikundi. Mara nyingi tiba si kuacha muziki. Ni kupunguza, kupumzika na kufanya mazoezi ya viungo.

Kwa nini mwanamuziki huumwa?

Nyama za mwili hushikana na mifupa kwa kano. Ukirudia tendo moja mara maelfu bila kupumzika, kano huchoka, na huweza kuvimba na kuuma. Kano hupata damu kidogo kuliko nyama, kwa hiyo hupona polepole, kwa wiki kadhaa au hata miezi.

Fikiria ngoma ya Burundi, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Huchongwa kutoka gogo moja na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Wapigaji huingia uwanjani wakiwa wameibeba kichwani huku wakiipiga. Shingo, mabega na kiuno hufanya kazi kwa pamoja.

Tena, mkono unaopiga ngoma jioni ndio uliopasua kuni asubuhi na kubeba dumu la maji la lita 20 mchana. Mwili huhesabu mizigo yote pamoja. Siku ya onyesho, omba ndugu wa nyumbani wakusaidie kuni na maji.

Kabla ya kupiga (dakika 5 hadi 10)

1. Tembea haraka kwa dakika 2 au 3 hadi mwili upate joto.
2. Zungusha mabega kwenda nyuma mara 10, kisha mbele mara 10.
3. Inamisha kichwa polepole upande wa kulia, hesabu hadi 10, kisha kushoto. Usizungushe shingo kwa nguvu.
4. Nyosha mkono mbele. Kunja kiganja kielekee chini, ukikivuta kidogo kwa mkono mwingine. Hesabu hadi 15. Kisha kikunje kielekee juu, kama unayesimamisha gari, na uhesabu hadi 15. Fanya na mkono wa pili.
5. Fumba ngumi, kisha tanua vidole vyote. Rudia mara 10.
6. Simama, shika kiuno, egemea nyuma kidogo. Rudia mara 5.
7. Anza na mapigo ya polepole, ndipo uongeze kasi.

Utahisi nyama zinavutika. Ukihisi maumivu, punguza.

Wakati wa kupiga

- Pumzikeni dakika 5 kila baada ya nusu saa.
- Pokezaneni ngoma ya katikati. Asiipige mtu mmoja tu muda wote.
- Ngoma nzito inyanyuliwe na watu wawili, magoti yakikunjwa na mgongo ukinyooka.
- Usikamate fimbo kwa nguvu zote.
- Mpiga gitaa, kama nyuzi ziko juu sana utalazimika kubonyeza kwa nguvu. Mwombe fundi azishushe. Fupisha mkanda ili kifundo cha mkono kisipinde sana.

Kuimarisha mikono (mara 3 kwa wiki)

Kaa, laza mkono juu ya paja, kiganja kikitazama chini na kutokeza mbele ya goti. Shika chupa ya nusu lita yenye maji. Inua kiganja kwa kusaidiwa na mkono mwingine, kisha kishushe peke yake polepole ukihesabu hadi 4. Rudia mara 10, halafu badilisha mkono.

Kama umeshaumia

Pumzisha sehemu inayouma kwa siku chache, lakini usilale kitandani wiki nzima. Katika siku mbili za kwanza weka kitambaa chenye maji baridi kwa dakika 10 hadi 15. Maumivu yakipungua, anza na dakika 10 za kupiga polepole na uongeze kidogo kidogo.

Usinunue ovyo vidonge vya maumivu sokoni. Dawa kama diclofenac zinaweza kudhuru tumbo na figo, na ni hatari kwa mama mjamzito. Tena huficha maumivu, nawe ukaendelea kujiumiza.

Njoo kituo cha afya mapema ukiona:

- ganzi ya vidole, hasa usiku, au mkono unaangusha vitu;
- vidole vinajikunja vyenyewe unapopiga, hata bila maumivu;
- kiungo kimevimba na kina joto, au una homa;
- maumivu hayapungui baada ya wiki mbili;
- mgongo unauma muda mrefu, nawe unakonda, unatoka jasho usiku au unakohoa. Kifua kikuu huweza kushika hata uti wa mgongo, na kina dawa.

Mgongo ukiuma pamoja na miguu kuishiwa nguvu, au ukashindwa kuzuia mkojo, usisubiri hata siku moja.

Kwa viongozi wa vikundi: mwenzenu akisema anaumwa, mpumzisheni na mmwekee nafasi yake. Mkimtoa, wengine watajifunza kunyamaza.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni nani kati yetu hupiga huku akiumwa? Kwa nini hakusema?
2. Nani atasimamia mazoezi ya viungo kabla ya kila kipindi?
3. Tutapokezanaje ngoma ya katikati?