Mtoto na Tarumbeta ya Skuli

Tumeulizwa na mzazi mmoja: mwanawe apiga tarumbeta katika bendi ya skuli, je, amtoe?

Twasema: wanavyuoni wetu wa Kishafii walikhitalifiana juu ya ala za kupuliza. Imam Rafii aliihalalisha filimbi ya wachungaji. Imam Nawawi akaiharamisha, na kauli yake ndiyo iliyotegemewa. Ama ngoma, aliyoikataza kwa jina katika Minhaji ni kuba, ile iliyobanwa kiunoni. Na dufu ameliruhusu arusini na katika tohara. Basi afuataye kauli hiyo, mwanawe na aiwache tarumbeta. Lakini kuiwacha tarumbeta si kuiwacha bendi: mwalimu aombwe ampe ngoma. Wengi hawalifikiri hili. Humtoa mtoto kwa hasira katikati ya muhula, na hali ametoa ahadi na wenziwe wamemtegemea. Na baba aliyeleta zumari na tarabu katika arusi ya bintiye, atamjibu nini kijana akimwuliza?

Linalotushughulisha zaidi ni sala. Mazoezi huanza alasiri, na huenda yakaendelea hata jua likakaribia kuchwa, na kijana hajasali. Hapa hapana khilafu ya wanavyuoni. Mzazi na aende mwenyewe skuli, kwa adabu, amwombee mwanawe dakika 10 na mahali pa kutawadha. Mwalimu akikubali, kijana na abaki na ngoma yake. Akikataa, amtoe siku ile ile, wala asingoje muhula kwisha.