Baina ya Khofu na Matarajio: Mafunzo ya Uchaguzi Kutoka Nchi ya Chai

Maulamaa wetu wametufundisha kuwa Muislamu humwendea Mola wake baina ya khofu na matarajio: hakati tamaa, wala hajiaminishi. Kanuni hii yafaa pia katika mambo ya nchi, khasa baada ya uchaguzi uliowagawa watu. Na tuitazame kwa mfano wa Kericho na Bomet.

Matokeo ya uchaguzi wa tarehe 27 Disemba 2007 yalipotangazwa, fitina ilizuka. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa nchini kuwa 1,133. Huko kwenye mashamba ya chai walifukuzwa Wakisii na wengineo waliokuwa wachumaji. Tarehe 31 Januari 2008 aliuawa Mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, mjini Eldoret, na moto ukazidi kuwaka Kericho. Tarehe 28 Februari wakapatana Mwai Kibaki na Raila Odinga kwa usuluhishi wa Kofi Annan.

Huenda msomaji wa Pwani akauliza: "Yanatuhusu nini sisi?" Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, chai ile hushuka kwetu. Mnada wake uko Mombasa tangu 1969, na wengi wetu wala riziki kwa jasho la mchumaji asiyemjua. Pili, tusijitakase: Likoni, Agosti 1997, watu wa bara walifukuzwa na kuuawa, nao walikuwa jirani zetu.

Ama mafunzo ni matatu.

La kwanza: dhulma hailipizwi kwa asiyedhulumu. Wakipsigis wana madai ya haki. Waingereza waliwatwalia ardhi yao, na mwaka 1934 waliuhamisha ukoo wa Talai kuupeleka Gwassi. Lakini aliyeitwaa ardhi ile si Mkisii mwenye kapu mgongoni. Qurani imekariri kuwa hapana abebaye mzigo wa dhambi ya mwenziwe. Mwenye haki akimpiga asiye na hatia, haki yake haimrudii. Hujiongezea deni tu mbele ya Mwenyezi Mungu.

La pili: kuhakikisha khabari. Surat al-Hujurat imetuamrisha hayo. Wafasiri wengi wamemtaja al-Walid bin Uqba, aliyetumwa kukusanya zaka kwa Bani Mustaliq, akarudi akisema kuwa wamekataa na wataka kumwua. Vita vilikaribia, kisha ikadhihirika kuwa hawakukataa. Ikiwa neno la mtu mmoja lilikaribia kuleta vita katika zama za Mtume, itakuwaje leo, khabari inapozifikia simu elfu kabla mtu hajamaliza kikombe chake cha chai?

La tatu: kupeleka ugomvi kwa hakimu. Mwaka 2022 Kericho na Bomet walimpa kura William Ruto, na wengi wa Pwani walimpa Raila Odinga. Makamishna wanne katika saba wa tume ya uchaguzi waliyakataa matokeo. Hapo palikuwa pahala pa khofu kubwa. Lakini shauri lilipelekwa Mahakama ya Juu, ikahukumu tarehe 5 Septemba, na nchi ya chai haikurudia ya 2008. Hilo ndilo tegemeo la matarajio yetu.

Na khofu je? Khofu inabaki, kwani kunyamaza kwa watu si dalili ya nyoyo kupatana. Madai ya ardhi yangalipo, na kila uchaguzi huja na wenye kuyapulizia. Kwa hivyo wajibu wetu hauanzi siku ya kura. Khatibu aliseme jambo hili mimbarini mapema, kabla nyoyo hazijapanda. Mzee wa nyumba asikubali kabila la mtu litukanwe mbele ya watoto wake. Mwenye duka asimbadilishie uso jirani wa bara kwa sababu ya kura yake. Na ajiwaye na khabari ya shari aulize: nani ameiona?

Mwenyezi Mungu atupe uadilifu hata kwa tusiowapenda, na aihifadhi nchi yetu na fitina. Amin.