Dondoo muhimu: Kabla ya kushusha injini ya Camaro

Mwenye Chevrolet Camaro ya mwishoni mwa miaka ya 1960 aamue kwanza: gari la kutembelea mjini au la mashindano? Jibu hilo ndilo linalochagua kamshafti.

Bloki ya V8 ya inchi za ujazo 350 ipimwe nyufa na uchakavu kabla ya kununua pistoni. Silinda zake za inchi 4.00 zikichongwa inchi 0.030 zaidi, kisha ikafungwa krenkshafti inayoipa pistoni mwendo wa inchi 3.75, ujazo hufika 383. Kwa kuwa nguvu itaongezeka, breki na rejeta navyo vitengewe fedha.

Injini yenye kamshafti mpya ya tapeti bapa ikiwashwa mara ya kwanza, ishikiliwe kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, ikiwa na oili yenye zinki ya kutosha. Ikiachwa ingurume polepole, kamshafti mpya huweza kulika siku hiyo hiyo.