Kijiti, Vipande Vinne na Mizunguko Ishirini

Kila ifikapo Machi, vyuo vya Marekani vinapokutana kwa mashindano ya taifa ya NCAA ya riadha ya ukumbini, maswali huanza kumiminika kuhusu mbio ambazo Olimpiki haina, shule zetu hazina, na hata mashindano ya taifa ya vyuo hivyohivyo kwenye kiwanja cha wazi hayana. Ni mbio za kupokezana kijiti za masafa mchanganyiko: wa kwanza mita 1,200, wa pili 400, wa tatu 800, wa mwisho 1,600. Jumla mita 4,000, yaani mizunguko 20 ya uwanja wa mita 200. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi mara nyingi zaidi, na baadhi yake yamerudi hadi yakachosha.

SWALI: Nilisoma kwamba mkimbiaji wa mwisho alikimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 52 katika mbio hizi. Mbona jina lake halimo kwenye orodha ya wenye kasi ya maili? (Barua nne zimeuliza jambo hili, moja kwa hasira.)

JIBU: Halimo kwa sababu hakukimbia maili. Maili ni mita 1,609.34, na kipande cha mwisho ni mita 1,600 kamili. Mita tisa na ushee zinaonekana kidogo kwa aliyekaa jukwaani, lakini kwa mwendo wa dakika nne kwa maili ni kama sekunde 1.4, na katika fainali sekunde hiyo na nusu yake yaweza kumtenga bingwa na mtu wa sita.

Kosa hili lina historia. Enzi za yadi, vipande vilikuwa yadi 1,320, 440, 880 na mwisho maili kamili, yadi 1,760. Jumla ilikuwa maili mbili na nusu, ambazo ni mita 4,023.36. Vyuo vilipohamia mita, mbio za kijiti zikapunguzwa hadi mita 4,000, lakini mbio za maili za mtu mmojammoja ukumbini zikaachwa kama zilivyokuwa, na zipo hadi leo. Basi kijana yuleyule hukimbia 1,600 Ijumaa akiwa na kijiti, na maili Jumamosi bila kijiti, na watangazaji huziita zote mbili maili. Anayelinganisha timu ya enzi za yadi na ya leo bila kutoa hizo mita 23 anaipunja timu ya zamani kwa zaidi ya sekunde tatu.

Kuna kosa kubwa kuliko hilo. Muda wa kipande si muda wa mtu, ni muda wa kijiti. Atazamwe mkimbiaji wa mita 800 anapoingia eneo la kupokezana: mdomo wazi, magoti hayainuki tena, mkono umenyooshwa mbele kabla ya wakati wake. Anayemsubiri amesimama ubavu, macho nyuma, mkono wazi, akipiga hatua mbili tatu huku akisukumana na wenzake kumi na mmoja. Eneo hilo lina urefu wa mita 20, kumi kabla ya mstari na kumi baada yake. Kijiti chaweza kubadili mikono popote ndani yake, lakini saa ya kipande hubonyezwa mstarini. Aliyepokea mwanzoni mwa eneo atakimbia zaidi ya mita 1,600. Aliyepokea mwishoni atakimbia pungufu. Tena wote wawili wanakuwa tayari kwenye mwendo, ilhali mkimbiaji wa maili huanza akiwa amesimama wima akisubiri bastola.

Zamani hata mistari yenyewe ilihama. Viwanja vingi vya mbao vya ukumbini vilikuwa na yadi 160, mizunguko 11 kwa maili. Hesabu yake inafurahisha: yadi 1,320 ni mizunguko minane na robo, 440 ni miwili na robo tatu, 880 ni mitano na nusu. Kwa hesabu hiyo kijiti kilipokezwa mahali patatu tofauti, na mbio zikaishia upande wa pili wa pale zilipoanzia. Atakayetaka kulinganisha vipande vya enzi hizo na vya leo aanze kwanza kwa kuuliza ni nani aliyeshika saa, na alikuwa amesimama wapi.

SWALI: Je, ni kweli Kenya iliwahi kushika rekodi, kisha muda wake ukafutwa?

JIBU: Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili ni uvumi ambao haukustahili kufika kwenye karatasi.

Aprili 2006, kwenye Penn Relays mjini Philadelphia, Elkanah Angwenyi alikimbia 1,200, Thomas Musembi 400, Alfred Kirwa Yego 800, na Alex Kipchirchir akamalizia. Dakika 9:15.56, muda bora kuliko wote duniani. Mwezi mmoja kabla, Kipchirchir alikuwa ametwaa dhahabu ya mita 800 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne, na mwaka uliofuata Yego akawa bingwa wa dunia wa masafa hayohayo mjini Osaka. Ilikuwa timu ya watu wazito, na ilikimbia kwenye kiwanja cha wazi, si ukumbini kama baadhi ya barua zinavyodai.

Muda huo haukufutwa na mtu. Ulivunjwa. Mei 2015, kwenye mashindano ya dunia ya kupokezana vijiti huko Nassau, Bahamas, Marekani ilikimbia 9:15.50 kwa miguu ya Kyle Merber, Brycen Spratling, Brandon Johnson na Ben Blankenship. Tofauti ni sekunde 0.06. Kwa kasi ile hiyo ni chini ya nusu mita, baada ya mita 4,000. Kenya ilikuwa ya pili siku hiyo kwa 9:17.20, na wanawake wa Kenya nao wakawa wa pili nyuma ya Marekani. Rekodi ya 2015 nayo imeshavunjwa.

Kinachouma ni kilichofuata. Mwaka 2014 mashindano hayo yalikuwa na mbio za wanne kila mmoja mita 1,500, na Kenya ikashinda kwa wanaume na kwa wanawake, zote kwa rekodi ya dunia. Timu ya wanawake ilikuwa na Faith Kipyegon na Hellen Obiri ndani yake. Mwaka 2015 zikaondolewa, zikawekwa hizi za mchanganyiko. Mwaka 2017 nazo zikaondolewa. Hivyo masafa ya kati yakapoteza nafasi mbili ndani ya miaka mitatu, na huku kwetu, kwenye nchi zinazoishi kwa masafa hayo, kelele zilizopigwa zilikuwa chache mno.

SWALI: Rekodi ya dunia ya ukumbini ni ipi?

JIBU: Rasmi, haipo. Ukumbini husemwa muda bora, kama ule wa 9:19.93 uliowekwa New York mwaka 2015, ambao Chuo Kikuu cha Oregon kiliupunguza hadi 9:19.42 mwanzoni mwa 2021, nao tangu hapo umeshapunguzwa.

SWALI: Kocha wetu husema kipande cha mita 400 apewe yeyote aliyebaki, kwa kuwa ni kifupi. Yuko sahihi?

JIBU: Hapana. Kipande hicho ni sehemu moja ya kumi ya mbio, lakini ndicho kinachoamua timu itaingia konani ikiwa ndani au nje. Uwanja wa ukumbini una kona kali zilizoinuliwa, na anayelazimika kukaa njia ya pili huongeza zaidi ya mita tano kila mzunguko. Akizunguka miwili hivyo, amemwachia mwenzake wa 800 deni la mita kumi ambalo hakulikopa.

Januari 2017 mjini Boston timu ya wanawake wa Marekani iliweka muda bora wa dunia wa ukumbini, 10:40.31. Emma Coburn wa kuruka viunzi na maji alianza, Brenda Martinez akakimbia 800, Jenny Simpson, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500 mwaka 2011, akamalizia. Wa 400 je? Sydney McLaughlin, wakati huo bado mwanafunzi wa sekondari. Hakuwekwa pale kwa kuwa ndiye aliyebaki.

SWALI: Kwa nini nyota wengine hawaonekani kwenye mbio hizi kabisa?

JIBU: Ni ratiba. Fainali ya kijiti huwa Ijumaa jioni, timu 12, bila mchujo. Siku hiyohiyo kuna mchujo wa maili, na fainali ya maili ni kesho yake. Mshindi hupata pointi 10, sawa na mshindi wa maili, kwa hiyo kocha hupima kama inafaa kumchosha mtu mmoja kwa ajili ya pointi za wanne.

Wapo waliobeba vyote. Edward Cheserek, mzaliwa wa Kenya aliyesomea Oregon na kuondoka na mataji 17 ya NCAA, alifika Birmingham, Alabama, Machi 2016. Usiku mmoja alishinda mita 5,000 na pia akaimalizia Oregon kwa ushindi kwenye mbio hizi. Kesho yake akashinda mita 3,000.

Kufika kwenye hizo timu 12 nako ni kwa saa, si kwa kumshinda jirani. Ndiyo maana vyuo husafiri kwenda kutafuta muda kwenye viwanja vipana vya ndani, kama ule wa Notre Dame wenye mita 320 au wa Chuo Kikuu cha Washington wenye mita 307, ambako kona ni chache na pana.

SWALI: Nani alishinda 2020?

JIBU: Hakuna. Mashindano ya Albuquerque yalifutwa Machi 12 kwa sababu ya korona, siku moja kabla ya kuanza, wanariadha wakiwa wameshafika.

SWALI: Wakala ameahidi kumpatia mwanangu nafasi kwenye timu ya kijiti ya chuo cha Marekani, lakini anataka malipo kwanza. (Barua saba, kutoka Iten hadi Arusha.)

JIBU: Msilipe. Nafasi ya kijiti haiuzwi. Kocha wa chuo huangalia muda uliopatikana kwenye mashindano yenye matokeo yanayothibitika, kisha huwasiliana na mwanafunzi mwenyewe, na mwanafunzi hujisajili kwenye kituo cha NCAA kinachokagua vyeti vyake. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa ufadhili wa watu 12.6 tu kwa wanaume na 18 kwa wanawake, kwa riadha yote, kuanzia mrusha tufe hadi mkimbia nyika, na ufadhili huo mara nyingi hugawanywa vipandevipande. Anayeahidi ufadhili kamili wa mbio moja hajui anachokiuza, au anajua vizuri sana. Mzazi aliyeuza ng'ombe kwa ahadi hiyo aende polisi na risiti zake.

SWALI: Shule yetu haina ukumbi. Tunaweza kuzikimbia?

JIBU: Kesho asubuhi. Kwenye uwanja wa mita 400, wa kwanza anazunguka mara tatu, wa pili mara moja, wa tatu mara mbili, wa mwisho mara nne, na wote wanapokezana kwenye mstari uleule. Chokaa ichorwe mita kumi kila upande wa mstari huo. Kijiti kiwe laini na cha mviringo, urefu wa sentimita 28 hadi 30, uzito usiopungua gramu 50. Fundi seremala wa kijijini hukichonga kwa nusu saa.