Kalamu Ukumbini: Mafunzo ya Uandishi wa Makala na Uhakiki wa Burudani Pendwa

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu huhitimu akiwa amehakiki riwaya, tamthilia na diwani si haba. Anaweza kueleza matumizi ya ishara katika Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, au mjadala wa mashairi huru ulioandamana na Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1974. Hata hivyo, mwanafunzi huyo huyo akiombwa aandike maneno mia nane kuhusu filamu aliyoitazama jana, au wimbo unaovuma katika matatu, kalamu humwia nzito.

Makala haya yanakusudia kueleza baadhi ya mambo ambayo mwandishi, akiwa mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili, alijifunza katika somo la uandishi wa makala na uhakiki wa burudani. Hoja kuu ni hii: sehemu kubwa ya burudani ya Wakenya huigizwa na kuimbwa kwa Kiswahili na Sheng, ilhali tathmini yake aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kikiachwa kiwe lugha ya kuimbia na kuchekeshea tu, wala kisiwe lugha ya kupimia nyimbo na vichekesho hivyo, basi msanii atahukumiwa kwa lugha ambayo hakuifanyia kazi. Jukumu la kuziba pengo hilo ni letu sisi tunaosomea taaluma hii.

Habari na Makala

Jambo la kwanza tulilofunzwa ni kutenganisha habari na makala. Habari hujibu maswali ya nani, nini, lini, wapi, vipi na kwa nini. Hutanguliza lililo zito ili mhariri akilazimika kupunguza aya za mwisho kwa uhaba wa nafasi, kiini kisipotee. Makala nayo hujengwa kama nyumba. Ukiondoa nguzo ya mwisho, paa huanguka. Kwa sababu hiyo aya ya kumalizia hubeba uzito sawa na aya ya kuanzia.

Jambo la pili ni kwamba mada si makala. "Sanaa ya matatu" ni mada pana isiyo na mlango wa kuingilia. Makala huanza pale swali linapopatikana. Mathalani: mchoraji wa matatu huamuaje ni sura ya msanii yupi itakayochorwa ubavuni mwa gari? Swali hili lina mtu wa kuhojiwa, mahali pa kwenda na kitu cha kutazama. Aidha, lina historia. Kanuni za uchukuzi zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, zilizilazimu matatu ziwe na mstari wa manjano, na michoro ikafifia kwa muda kabla ya kurejea kwa kishindo. Mwandishi aliyeanza kwa kuuliza juu ya rangi atajikuta akieleza uhusiano wa sanaa, sheria na riziki.

Jambo la tatu ni ushahidi wa macho na masikio. Mkufunzi wetu alikuwa na desturi ya kupigia mstari kila kivumishi cha sifa na kuandika pembeni: "Uliona nini?" Sentensi kama "ukumbi ulijaa msisimko mkubwa" haimwonyeshi msomaji chochote. Ukiandika kwamba watu wa safu za nyuma walipanda juu ya viti, msomaji atauona msisimko huo bila wewe kuutaja. Mwanafunzi wa fasihi hapaswi kulishangaa jambo hili, kwa kuwa ndiyo taswira tunayowasifia washairi.

Filamu: Tazama, Kisha Pima

Tahakiki ya burudani ina kazi tatu: kumweleza msomaji kazi inahusu nini, kumwonyesha jinsi inavyotenda, na kupima iwapo imetimiza lengo lake. Wanafunzi wengi huishia kwenye kazi ya kwanza, wakasimulia kisa chote mpaka mwisho. Wengine huruka hadi ya tatu, wakamwaga sifa au lawama bila ushahidi.

Tuchukue mfano wa Nairobi Half Life, filamu ya mwaka 2012 iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Mhusika mkuu, Mwas, ni kijana wa kijijini anayeuza diski za filamu kwa kuwaigizia wanunuzi vipande vyake. Anaelekea Nairobi akitaka kuwa mwigizaji, lakini anapofika tu anaporwa, kisha anajipata kizuizini akishurutishwa kusafisha choo kichafu. Tangu hapo anaishi maisha mawili, moja miongoni mwa wezi na jingine kwenye mazoezi ya mchezo wa jukwaani. Muhtasari unatosha hapo. Hatima ya Mwas haifichuliwi, maana msomaji ana haki ya kuifikia mwenyewe.

Kazi ya pili huuliza: filamu hii inatendaje? Mhakiki aliyezoea riwaya atakimbilia dhamira: ufisadi, uhalifu, ndoto za vijana. Dhamira hizo zimo, lakini pia zinaweza kupatikana katika hotuba. La kutazama ni kwamba Mwas huigiza kila mahali: sokoni, miongoni mwa wezi na jukwaani. Uigizaji kwake ni riziki na pia ngao. Joseph Wairimu, aliyemwigiza, alituzwa mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huo wa 2012. Lakini mhakiki asiitumie tuzo badala ya hoja. Anapaswa kuonyesha ni wapi uso, sauti au mwendo wa mwigizaji umebeba jambo ambalo maneno hayakulisema.

Lugha nayo ichunguzwe. Katika filamu hii Kiswahili, Sheng, Kikuyu na Kiingereza hupokezana. Kusema kwamba filamu "imechanganya lugha" hakutoshi. Yafaa kuuliza mhusika anabadili lugha akiwa mbele ya nani, na anapata au kupoteza nini kwa kuibadili. Hapa mwanafunzi wa isimujamii ana silaha ambayo mhakiki mwingi wa magazeti hana.

Wimbo si Shairi Lililokosa Karatasi

Katika muziki, kishawishi ni kuyanakili maneno ya wimbo na kuyahakiki kama shairi. Ikumbukwe kwamba mizani ya shairi la kimapokeo huhesabiwa kwa silabi; tarbia ya kawaida huwa na mizani kumi na sita katika mshororo, nane kila kipande. Msanii wa rap hafungwi na idadi ya silabi. Hufungwa na mapigo ya ngoma, kwa kawaida manne kwa kila kipimo. Anaweza kubana silabi nyingi ndani ya pigo moja, kisha akanyamaza katika pigo linalofuata, na ukimya huo ukawa sehemu ya ufundi wake.

Atakayeisikiliza albamu ya Nimefika ya E-Sir, msanii aliyefariki katika ajali ya barabarani mwaka 2003, akihesabu mizani kwa kanuni za tarbia, atahitimisha kwamba hakuna arudhi. Akisikiliza kwa mapigo, atasikia jinsi vina vya ndani vinavyofuatana na mdundo na jinsi Kiswahili, lugha ambayo maneno yake aghalabu huishia kwa irabu, kinavyorahisisha kazi hiyo. Arudhi ipo, kilichobadilika ni kipimo.

Kicheko Kinamwangukia Nani?

Vichekesho ni vigumu zaidi kuhakiki, kwa sababu watu hudhani kwamba kilichochekesha kimefaulu. Kwa miaka mingi Wakenya walimcheka Mzee Ojwang' katika Vitimbi vya runinga ya KBC. Aliyemwigiza, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu aliyevaa lafudhi ya Kijaluo. Swali la mhakiki si kama tulicheka. Ni tulichekea nini: lafudhi peke yake, au vituko vya mume huyo na mkewe Mama Kayai, ambavyo vingechekesha kwa lafudhi yoyote? Vichekesho vya lafudhi ni vingi nchini mwetu. Mhakiki anayeweza kutofautisha kicheko kinachomfichua mhusika na kile kinachoidhalilisha jamii nzima analitendea taifa jambo la maana.

Uadilifu na Msamiati

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mhakiki aliyepewa tikiti ya bure, au aliyekulia mtaa mmoja na mwimbaji, aliseme hilo waziwazi au aiache kazi hiyo. Vilevile, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa zisizo na kipimo humdhuru msanii. Lakini ukali usio na ushahidi nao ni uvivu uliovaa joho la ujasiri.

Kuhusu msamiati, kisingizio kwamba Kiswahili hakina maneno ya fani hizi hakina mashiko. Tunayo maleba, mandhari, mwongozaji, mtayarishaji, kiitikio na mdundo. Tunazo pia kamera, albamu na studio, ambazo msomaji wa kawaida hazimsumbui. Pale ambapo neno halipo, eleza kitendo: "picha inakatika ghafla kutoka usoni mwa mama hadi barabarani" ni sentensi iliyo wazi bila istilahi yoyote. Nayo Sheng inukuliwe jinsi ilivyosemwa na maana yake ijitokeze katika muktadha. Kuisahihisha ni kumnyima mhusika sauti yake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba stadi tunazozipata katika madarasa ya fasihi na isimu zinafaa nje ya kuta za darasa, mradi tukubali kila sanaa ipimwe kwa kipimo chake. Pendekezo ni jepesi kutekelezwa. Kila mwanachama achague kazi moja ya burudani muhula huu, aitazame au kuisikiliza mara mbili, mara ya kwanza bila kalamu na ya pili akiwa nayo, kisha aandike maneno mia tano kwa Kiswahili ambacho msanii mwenyewe angeweza kukisoma na kukijibu. Msanii akijibu, hata kwa hasira, tutakuwa tumeanzisha mazungumzo ambayo sanaa yetu imeyakosa kwa muda mrefu.